Chama kinataka kunikabidhi 400,000 nikifanyie biashara ya sarafu, na kazini nimeanza kukosea

Salamu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 36, karani wa hesabu katika shamba moja la maua hapa Naivasha. Maua yetu huuzwa Ulaya, kwa hiyo ankara nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za euro. Huko ndiko nilikozoea kuangalia bei ya euro kila asubuhi, na ndiko hamu ya kununua na kuuza sarafu mtandaoni iliponianzia.

Nilianza Agosti mwaka jana kwa dola 500, kama shilingi 65,000, zilizotoka kwenye marupurupu ya likizo. Leo, mwanzoni mwa Aprili, akaunti inasoma dola 785. Februari pekee niliingiza dola 120, karibu asilimia 20. Desemba ndiyo iliyonitesa. Nilifungua oda mbili za dhahabu, nikaweka kikomo cha hasara dola 20 chini ya bei, na zote mbili zikafungwa kwa hasara ya dola 100 kila moja. Nikabaki na 410. Januari niliongeza dola 150 ili nipate nguvu ya kuendelea. Kila oda huifungua kwa loti (kipimo cha ukubwa wa oda) 0.05 nisije nikajichanganya, na kwenye euro kwa dola kikomo changu huwa pipsi 20 (pipsi ni hatua ndogo ya bei). Dalali wangu ananipa levereji, yaani uwezo wa kuendesha oda kubwa kwa dhamana ndogo, ya 1:1000.

Shida yangu ni saa. Kazini naingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, Jumamosi nusu siku. Soko nalo linachangamka alasiri New York ikifunguliwa, wakati mimi naandaa malipo ya wauzaji. Simu huiweka kwenye droo iliyoachwa wazi kidogo, chati ya dakika 5 ikiwaka. Nikijumlisha na usiku ni kama saa mbili kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Ijumaa ya kwanza ya Machi, takwimu za ajira za Marekani zilipotoka saa 10:30 jioni, niliingiza ankara ya muuza maboksi mara mbili, shilingi 186,000, nikaipeleka kwa meneja ili aidhinishe. Aliigundua kabla haijaenda benki. Akaniita, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba mara ya pili itakuwa barua.

Wakati huohuo chama chetu cha wanawake 14 kimenijia. Niliwaonyesha picha ya skrini ya Februari. Sasa wanasema akiba yetu ya shilingi 400,000 imelala tu benki, niichukue niizungushe, nami nichukue asilimia 30 ya faida. Nimepiga hesabu: asilimia 20 ya 400,000 ni 80,000 kwa mwezi, karibu mara mbili ya mshahara wangu, kwani baada ya makato napokea 41,000. Nafikiria kuacha kazi Juni.

Mume wangu anasema hii ni kamari. Hajui habari ya zile dola 150, wala ya ankara ya maboksi. Mkopo wangu wa sacco unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara na umebakiza miezi 14. Kikao cha chama ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.

Niache kazi? Niache biashara? Au kuna njia ya katikati ambayo sijaiona?

Mama Wawili, Naivasha

JIBU

Mama Wawili, dada yangu, asante kwa barua iliyojaa tarakimu. Wengi hutuandikia kwamba "naendelea vizuri" au "nimepoteza sana", tukabaki tunapapasa gizani. Wewe umetupa la kushika.

Nikikusoma vizuri, mambo matatu yamefungwa kamba moja. Kuna biashara inayokuvutia na ambayo, kwa kiasi fulani, unaiweza. Kuna kazi inayolisha nyumba na ambayo imeanza kupata majeraha kwa sababu ya droo ile iliyo wazi. Na kuna wanawake 14 wanaokuamini. Umeniuliza juu ya kazi na biashara, lakini naona linalokusukuma uamue haraka ni hilo la tatu. Tuanze na hesabu, maana uamuzi wako wote umekaa juu yake.

Fungua programu yako ya MetaTrader, nenda kwenye historia, chagua kipindi cha kuanzia Agosti. Utaona mstari wa pesa ulizoweka na mstari wa faida, kila mmoja peke yake. Uliweka 500, ukaongeza 150. Jumla ni 650. Akaunti inasoma 785, kwa hiyo faida ya miezi minane ni dola 135. Zile dola 150 zilitoka mfukoni mwako, soko halikuzizaa. Dola 135 kwa shilingi 130 ni 17,550, yaani kama shilingi 2,200 kwa mwezi. Ukizigawa kwa saa mbili kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kama 34, umefanya kazi saa 340 kwa takriban shilingi 52 kwa saa.

Sikuletei hesabu hii ili nikuvunje moyo. Faida ya karibu asilimia 21 ya fedha ulizoweka, kwa mtu wa mwaka wa kwanza, si matokeo mabaya hata kidogo. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa biashara ya aina hii hupoteza pesa. Wewe bado umesimama. Ila asilimia 21 kwa miezi minane ni kama 2.6 kwa mwezi, na ndiyo namba ya kutumia ukipanga maisha. Ile 20 ya Februari ni mwezi mmoja uliochaguliwa kwa sababu ulikuwa mzuri. Kama mtu angechagua Desemba, ulipoporomoka kutoka 610 hadi 410, angesema wewe hupoteza theluthi moja ya fedha kila mwezi, na hilo pia lisingekuwa kweli.

Sasa weka 2.6 juu ya pesa za chama. Kwa 400,000 inatoka kama 10,400 kwa mwezi. Fungu lako la asilimia 30 ni 3,120. Hata Februari ikijirudia, zile 80,000 si zako, zako ni 24,000. Naona katika barua yako umelinganisha mshahara wako na faida ya chama kizima. Ni kosa rahisi kulifanya mtu akiwa na matumaini, lakini ndilo lililokupa wazo la Juni. Ili biashara ikulipe 41,000 kila mwezi kwa kiwango chako halisi, ungehitaji mtaji wako mwenyewe wa zaidi ya milioni 1.5, na kila mwezi ungekuwa unatoa faida yote bila kubakiza mto wa kuegemea Desemba nyingine ikija. Na mshahara si zile 41,000 tu. Mwajiri huchangia NSSF kwa niaba yako, na ukiondoka, mchango wa bima ya afya ya SHA na marejesho ya sacco yatakuwa juu yako, mapato yawepo yasiwepo.

Nikuulize jambo jingine. Unaamini soko lako ni la saa 9 na saa 10. Ni kweli kwa mtu anayetumia chati ya dakika 5. London hufunguliwa saa 4 asubuhi yetu, New York saa 9 alasiri, na kati ya saa 9 na saa 1 jioni miji yote miwili huwa kazini. Hizo ni saa za majira haya. Kenya haibadilishi saa, lakini Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Ulaya Jumapili ya mwisho, ndiyo maana takwimu za ajira uliziona saa 10:30 mwezi uliopita, na kuanzia sasa hadi Novemba zitakuwa zikitoka saa 9:30. Yaani zitakukuta katikati kabisa ya malipo ya wauzaji. Je, ni soko linalokulazimisha kuwa pale, au ni chati uliyoichagua?

Watu wengi wenye ajira huhamia chati ya saa 4, yaani ile ambayo kila mshumaa (alama moja ya bei) hubeba mwendo wa saa nne, au ya siku nzima. Kwa madalali wengi mishumaa ya saa 4, katika majira haya, hufungwa saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni, saa 2 usiku, saa 6 usiku na saa 10 alfajiri. Wewe unahitaji miwili tu: wa saa 6 mchana utautazama wakati wa chakula, wa saa 2 usiku watoto wakishalala. Jioni unachagua bei unayoitaka, unaweka oda ya kusubiri, pamoja na kikomo cha hasara na lengo la faida papo hapo, kisha unafunga simu. Bei ikifika, oda inajifungua yenyewe nawe ukiwa kwenye ankara zako. Isipofika, unaifuta usiku unaofuata.

Njia hii ina masharti yake, na sharti la kwanza ndilo wengi hulikosa. Kwenye chati ya saa 4 kikomo cha pipsi 20 ni kifupi mno, kwani bei inaweza kutetemeka kiasi hicho bila kubadili mwelekeo. Utahitaji 40 au zaidi. Ukipanua kikomo na kuacha loti ileile, umeongeza hasara yako maradufu. Loti haichaguliwi kwa mazoea, hukokotolewa kila oda. Chukua asilimia moja ya akaunti yako, kiasi utakachokubali kupoteza kwa oda moja: dola 7.85. Gawanya kwa pipsi 40: unapata karibu senti 20 kwa pipsi. Kwenye euro kwa dola, loti 0.01 ni senti 10 kwa pipsi, kwa hiyo loti yako ni 0.02. Oda ikishindwa unapoteza kama dola 8.

Hapa ndipo Desemba inapojieleza. Umesema ulitumia 0.05 kila mahali usijichanganye. Kwenye euro, 0.05 na pipsi 20 ni dola 10, kama asilimia 1.6 ya akaunti ya 610. Kwenye dhahabu, loti 0.01 ni wakia moja, na 0.05 ni wakia tano. Bei ikishuka dola 20 umepoteza 100, yaani asilimia 16 ya akaunti kwa pigo moja. Mkono ulikuwa uleule, lakini mzigo ulikuwa mara kumi. Na dhahabu kutembea dola 20, 30 au zaidi kwa siku ni jambo la kawaida. Kwa akaunti yako ya leo, hata 0.01 yenye kikomo cha dola 20 ni asilimia 2.5. Dhahabu bado ni pana kuliko mfuko wako, na sidhani Desemba ilikuwa bahati mbaya tu.

Levereji ya 1:1000 ndiyo iliyokuachia mlango wazi. Loti 0.05 ya euro ni euro 5,000, na dalali wako anashikilia euro 5 tu kama dhamana. Ulaya, tangu 2018, mteja mdogo haruhusiwi kuzidi 1:30 kwenye jozi kubwa za sarafu, na kwa kiwango hicho oda hiyohiyo ingeshikilia kama euro 167. Levereji kubwa peke yake haichomi akaunti, lakini haikuzuii usiku ule umekasirika na unataka kurudisha ulichopoteza. Unaweza kuomba ipunguzwe kwenye mipangilio ya akaunti yako.

Sharti la pili ni usiku. Oda ikilala, unatozwa au kulipwa swapu, yaani riba ya kuilaza oda, na kwa jozi nyingi usiku wa Jumatano huhesabiwa mara tatu kufidia wikendi. Karibu saa 6 usiku, New York inapofunga, spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, hupanuka kwa dakika kadhaa, na kikomo kilichobanwa sana hupigwa hapo bila bei kusogea kwa maana yoyote. Wikendi nayo inaweza kuleta pengo: soko linafungwa Ijumaa kwa bei moja, linafunguliwa kwa nyingine, na kikomo chako kinatekelezwa kwa bei itakayopatikana, hata kama si ile uliyoandika. Wenye kazi wengi hufunga oda zao Ijumaa jioni kabla ya kulala. Na uwe tayari kwa uchache: huenda ukapata oda mbili au tatu kwa wiki. Waliozoea dakika 5 huona ukimya huo mgumu kuliko hasara.

Njia nyingine ni kuacha chati ya dakika 5 ilivyo, ila uanze ukishatoka kazini. Kati ya saa 12 na saa 1 jioni bado kuna uhai. Baada ya hapo London imeondoka, euro inapoa, na Tokyo haifunguliwi hadi saa 9 usiku. Wanaofuata njia hii huishia kula usingizi wao, na usingizi ukipungua, makosa ya ankara hayataondoka hata simu ikibaki nyumbani. Tena saa hiyo ya jioni ndiyo ya watoto na jiko. Wewe ndiye unayejua kama nyumba yako ina nafasi hiyo.

Ipo pia ya kusimama miezi mitatu, akaunti halisi ikapumzika, ukajaribu mpangilio wa saa 4 kwenye akaunti ya majaribio. Faida yake ni utulivu wakati meneja wako bado anakutazama. Hatari yake ni kwamba pesa za majaribio hazimtetemeshi mtu, kwa hiyo hazitakuonyesha utafanya nini siku ya hasara tatu mfululizo.

Njia yoyote utakayochagua, naomba tusiipite ile droo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu kupuuza kazi kwa makusudi, au kuifanya kwa uzembe, miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu bila notisi. Meneja aliyefunga mlango na kusema kwa upole amekupa nafasi. Wengine huondoa programu ya biashara kwenye simu wanayokwenda nayo kazini na kubaki na kengele ya bei tu, inayolia mara moja ikigusa kiwango walichoweka. Soma pia barua yako ya ajira uone inasemaje kuhusu shughuli nyingine.

Sasa chama. Kuzungusha pesa za wengine si kupanua akaunti yako tu. Kenya ina kanuni za biashara ya sarafu mtandaoni tangu 2017, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na anayesimamia fedha za wateja kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni yake maalumu, mbali na ile ya dalali. Asilimia 30 ni malipo. Tena, angalia kwenye tovuti ya CMA orodha ya wenye leseni, kisha linganisha na jina la kampuni lililo kwenye mkataba wako. Dalali mmoja anaweza kuwa na kampuni yenye leseni ya Kenya na nyingine iliyosajiliwa kisiwani mbali, zote kwa nembo ileile. Levereji ya 1:1000 inanifanya nishuku kwamba akaunti yako iko kwenye hiyo ya pili, ambako mzozo ukitokea CMA haina mkono wa kukushikia.

Halafu kuna swali lisilo la kisheria. Desemba ile, juu ya 400,000, ingekula zaidi ya 130,000. Ingekuwa pesa ya ada ya mtoto wa fulani, na wewe unakutana naye kila Jumapili. Je, ungeweza kukata hasara kwa mkono mtulivu ukijua hilo? Wengi wanaofanya vizuri na pesa zao huharibikiwa wakishika za wenzao, si kwa kukosa ujuzi, bali kwa kuona haya kufunga oda mapema. Kama wanawake hao wanachokataa ni pesa kulala, kuna hatifungani za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, na kuna mifuko ya soko la fedha. Huenda wewe, karani wa hesabu, ndiye wa kuwaletea chaguo hizo mezani. Na kama ungali unatamani kuwakubalia, waonyeshe miezi yote minane, Desemba ikiwemo, ndipo wakuambie wanataka nini.

Kuhusu baba watoto, sijui kama anaposema kamari anaikataa biashara yenyewe au anayakataa mambo asiyoyaona. Mtu akiona mke wake ameinamia simu saa 4 usiku na hajui kilichomo, neno la karibu ni hilo. Ripoti ya MetaTrader yenye ule mstari wa fedha ulizoweka, mbele yake, na kiasi ambacho mmekubaliana hakitaongezwa kutoka nyumbani, inaweza kubadili mazungumzo. Inaweza pia kumkasirisha kwanza, kwa sababu ya zile 150. Wewe unamjua.

Mkopo wa sacco una miezi 14. Ni kipimo kizuri cha muda, ukitaka kukitumia: oda kama 100 za saa 4, zote zimeandikwa daftarini, tarehe, jozi, loti, kikomo, matokeo, na dakika ulizotumia. Safu ya dakika usiiache. Wakati huo swali la kuacha kazi utalisoma kwenye karatasi yako mwenyewe.

Tuandikie baada ya kikao cha chama, dada yangu. Ningependa kujua walisema nini walipoiona Desemba.